Wanapoanguka Darasani: Shule na Utulivu wa Nafsi za Vijana wa Mwambao wa Tanga

Simu za namna hii huingia asubuhi, mara nyingi kabla ya mapumziko ya saa nne. Mwalimu wa zamu hajui aanzie wapi. Msichana wa kidato cha pili amepiga ukelele katikati ya kipindi, amekakamaa, ameanguka. Wenzake wawili waliomshika ili kumtoa nje nao wameanguka. Kufika saa tano wamelala wanane barazani mwa ofisi ya walimu, mitandio imefunguliwa, wanapepewa kwa madaftari, na nje ya uzio wazazi wameanza kukusanyika. Mmoja amekuja na ubani. Mwingine ametumwa kumwita ustadhi. Mkuu wa shule anataka gari la wagonjwa. Wote wanamwuliza mhudumu wa afya swali moja: ni maradhi gani haya?

Kwa muda niliofanya kazi katika mwambao wa Tanga nimeitikia wito kama huo zaidi ya mara moja. Makala haya yanatokana na mmojawapo. Shule sitaitaja, na habari za binti aliyeanguka wa kwanza nimezigeuza kiasi cha kutotambulika. Kiini chake nimekiacha kama kilivyokuwa.

Siku ile tulifanya yanayopaswa kufanywa. Tulipima malaria, sukari na shinikizo la damu. Tuliuliza kama yupo mwenye kifafa nyumbani kwao, kama kuna aliyepigwa kichwani, na kila mmoja alikula nini mara ya mwisho. Daktari au muuguzi anayeruka hatua hii kwa kudhani kwamba “hawa ni wale wale” anaweza kumwacha mwenye ugonjwa halisi alale barazani pamoja na wengine. Mmoja kati ya wanane alionekana kuwa na upungufu wa damu, akaandikiwa dawa. Waliobaki hawakuwa na kosa lolote mwilini ambalo vipimo vyetu vingeweza kuliona. Kufika saa saba mchana wote walikuwa wameketi wakinywa maji.

Binti wa kwanza nilizungumza naye peke yake, chini ya mwembe, tukionwa na mwalimu wa kike lakini asitusikie. Alikuwa ametoka kijijini, upande wa Mkinga, akaletwa mjini kwa shangazi yake ili asome sekondari. Alfajiri hufagia, huchota maji, huwaandaa wadogo, kisha hutoka bila kunywa chai. Darasani hafuati. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na alikuwa miongoni mwa wanaotangulia. Sasa masomo ni kwa Kiingereza, na siku mbili kabla ya kuanguka alisimamishwa juu ya kiti mbele ya darasa kwa kushindwa kujibu swali ambalo, akifafanuliwa kwa Kiswahili, alikuwa na jibu lake. Rafiki yake aliyekuwa akiketi naye hakurudi baada ya likizo ya Ramadhani. Nilimwuliza ni nani pale shuleni anayezijua habari hizi. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba mwalimu wa darasa anajua siku asizokuja, kwa kuwa huziandika.

Kashasha, 1962

Tanzania ina nafasi ya pekee katika vitabu vya tiba kuhusu jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, haijatimia miezi miwili tangu Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, kando ya Ziwa Viktoria, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikaenea kwa wenzao. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Madaktari Rankin na Philip, walioliandika tukio hilo mwaka 1963, walipima walichoweza kupima wasipate kiini cha ugonjwa. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Nje ya nchi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, ati watu wa nchi fulani walioshindwa kuacha kucheka. Anayesoma taarifa yenyewe hakuti mzaha. Anakuta vilio, mahangaiko, mbio zisizo na mwelekeo, na wasichana waliosema wanahisi kitu kinawafuata. Anakuta pia jambo ambalo wakuu wa shule wangefaa kulijua: waliporudishwa makwao, hali ile ilikwenda nao vijijini. Kuifunga shule kuliieneza hali bila kuitibu.

Maelezo ya kitaalamu ni mepesi kuyataja na magumu kuyaeleza kwa mzazi aliyesimama nje ya uzio. Mfadhaiko uliokosa njia ya kusemwa unaweza kutoka kwa njia ya mwili: pumzi hupanda, vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, fahamu hupungua. Anayeanguka hadanganyi. Hakuamua kuanguka, na kumpiga kofi ili “aache kujifanya” ni kosa la kitabibu na la kibinadamu. Wenzake wanaoishi chini ya mzigo ule ule, katika chumba kile kile, huiga bila kujua kwamba wanaiga. Haya huwapata vijana wa nchi nyingi, katika shule, viwanda na nyumba za watawa, na mara nyingi zaidi wasichana, ambao kwa malezi yetu hufunzwa mapema kunyamaza.

Katika mwambao wetu jina la hali hii ni mashetani. Sioni faida ya mganga wa hospitali kusimama mbele ya wazazi akawaambia kwamba mashetani hayapo. Ataishinda hoja asiipate imani yao, na wiki ijayo hataitwa. Katika tukio ninalolisimulia, ustadhi alipofika tuliomba jambo moja tu: asome dua kwa utulivu kwa ajili ya shule nzima, bila kuwaweka wasichana katikati na bila kuwauliza ni nani aliyewatuma. Alikubali bila ugumu, na kusema kweli alifahamu hatari hiyo kuliko mimi. Swali la “nani” ndilo huleta maafa. Likishajibiwa hupatikana mwalimu fulani, mzee jirani wa shule au mwanafunzi mwenzao anayeelekezewa kidole, na hapo balaa la siku moja hugeuka kuwa la miaka.

Msaada wa shule ni kitu gani?

Shirika la Afya Duniani huhesabu kijana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19, na linakadiria kwamba mmoja kati ya kila saba wa umri huo duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Mengi ya matatizo yanayomsumbua mtu mzima, sonona ikiwamo, huonyesha dalili za kwanza katika miaka hiyo, yaani miaka ambayo mtoto wetu yumo darasani kwa sehemu kubwa ya siku. Ndiyo maana watafiti wameigeukia shule.

Mojawapo ya tafiti zilizofungua njia ilichapishwa Marekani mwaka 1997. Vijana zaidi ya 12,000 waliulizwa kuhusu maisha yao, na ikaonekana kwamba mambo mawili yalikwenda pamoja na afya njema kuliko mengine mengi: kujiona wa karibu na wazazi, na kujiona kuwa wa shule. Hilo la pili halikupimwa kwa majengo wala kwa ufaulu. Kijana aliulizwa kama walimu wanamtendea haki, kama anajisikia karibu na watu wa shuleni pake, kama anajiona ni sehemu ya shule hiyo. Aliyejibu ndiyo alikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na mfadhaiko mkubwa, fikira za kujiua, ugomvi na matumizi ya vileo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kimoja husababisha kingine; huenda mwenye furaha ndiye anayeipenda shule. Palihitajika majaribio.

Jaribio ninalolitaja kila ninapozungumza na maofisa elimu lilifanyika katika jimbo la Bihar, India, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Shule za sekondari 75 zilipangwa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa programu ya kujenga mahusiano mema shuleni: mikutano ya asubuhi, sanduku la maoni ambamo mwanafunzi anaweza kutumbukiza dukuduku lake, gazeti la ukutani, mafunzo ya vikundi, na mtu wa kuzungumza naye faraghani. Programu hiyo iliendeshwa na mtu wa kawaida wa jamii ile, asiye mtaalamu wa saikolojia, aliyefunzwa na kuajiriwa kwa kazi hiyo pekee. Kundi la pili lilipewa programu ile ile, ikaendeshwa na mwalimu aliyefunzwa pia. Kundi la tatu lilibaki kama lilivyokuwa. Katika shule za kundi la kwanza dalili za sonona zilipungua, uonevu na ukatili vikapungua, na wanafunzi wakaiona shule kuwa mahali pema zaidi. Shule za kundi la pili hazikutofautiana na zile ambazo hazikupewa chochote.

Kwa nini mwalimu hakufaulu? Ni rahisi kusema walimu hawakujitoa. Mimi nashuku sababu ni nzito zaidi. Mwalimu tayari ana vipindi, masahihisho, zamu, vikao na watoto wengi kuliko anavyoweza kuwajua kwa majina. Juu ya hayo, mwanafunzi hawezi kusahau alasiri kwamba mtu anayemwambia “nieleze, usiogope” ndiye aliyemwadhibu asubuhi. Miongozo yetu ya elimu inataka kila shule iwe na mwalimu wa ushauri na unasihi, na shule nyingi nilizopita zinaye. Lakini si mara moja wala mbili nimekuta mwalimu huyo ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Aliyepanga hivyo aliona kazi mbili zinazohusu tabia za wanafunzi akaziunganisha ili kubana matumizi ya watu. Mtoto anaona fimbo na sikio vimewekwa juu ya meza moja.

Kuhusu fimbo, sheria yetu haijaiondoa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au anayemwidhinisha kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hali halisi ilionekana katika utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto: takribani robo tatu ya vijana walioulizwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kiasi cha nusu walisema aliyewapiga ngumi, mijeledi au mateke alikuwa mwalimu. Hakuna kitabu cha adhabu kinachoandika hayo.

Je, yanaweza kubadilika? Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2015, na mwishoni wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizopewa programu, na 49 katika zile ambazo hazikupewa. Hapa kwetu, jaribio katika shule 8 za sekondari za umma, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba walimu waliofunzwa njia nyingine za kuliongoza darasa walipunguza ukali wa mkono na wa ulimi. Naongeza jambo ambalo wapenzi wa programu hizi hulipita haraka: huko Luwero watoto walijiona salama zaidi, lakini vipimo vya afya ya akili havikuonyesha tofauti. Kuacha kuumiza ni hatua ya kwanza. Binti wetu wa Mkinga asingesimamishwa juu ya kiti angebaki bado na njaa, bado bila rafiki, na bado haelewi somo.

Lugha, na aibu ya kidato cha kwanza

Kuhusu lugha nitasema kama mganga, maana mabishano ya kisera yana wenyewe. Mtoto wa Pangani au Muheza anayemaliza shule ya msingi ya umma amefundishwa miaka yote kwa lugha anayoiota usiku. Kisha, baada ya likizo ya miezi michache, anaingia kidato cha kwanza ambako Baiolojia, Jiografia na Historia zimebadilisha sauti. Mwenye uwezo amesomeshwa kozi ya utangulizi. Asiye nao ameketi nyumbani. Yule aliyekuwa akinyoosha mkono sasa anautia chini ya dawati. Wapo wanaovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani, katika mwambao huu huu alikozaliwa Shaaban Robert.

Aibu ni kitu chenye uzito wa kitabibu. Kijana balehe huupima utu wake kwa macho ya wenzake, na ubongo wake uko katika kipindi ambacho kuchekwa humchoma kuliko atakavyochomwa akiwa na miaka 30. Akishindwa kila siku mbele ya kadamnasi, atachagua mojawapo ya njia tatu: atanyamaza, atafanya fujo ili achekwe kwa hiari yake, au hatakuja. Walimu wazuri wanalijua hili na huvunja kanuni kimyakimya. Huyafafanua maneno mapya kwa Kiswahili, humruhusu mtoto ajibu kwa lugha yoyote kisha humsaidia kulivusha jibu. Hakuna dawa ninayoweza kuandika zahanati yenye nguvu kama hiyo katika wiki sita za mwanzo za kidato cha kwanza.

Jambo hili litazidi kuwa la haraka. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake watoto wataingia sekondari wakiwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko waliotangulia, wengi bado hawajavunja ungo wala kubadilika sauti. Shule itakayowapokea haina budi kuwa ya kulea zaidi ya hii tuliyo nayo.

Somo, kungwi na mwalimu mlezi

Mwambao ulikuwa na utaratibu wake wa kumvusha kijana. Msichana aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke asiye mama yake mzazi, ambaye kwake angeweza kuuliza yasiyoulizika nyumbani, na uhusiano huo ulidumu hata baada ya ndoa. Mvulana alikuwa na jando na watu wake. Sitaupamba utaratibu huo. Mengi yaliyofundishwa yalimwandalia msichana ndoa ya mapema na yalimtaka avumilie yasiyovumilika. Lakini palikuwa na busara katika umbo lake: kijana anahitaji mtu mzima mmoja nje ya chumba cha wazazi, anayejulikana ni wake, asiyeona taabu kuulizwa. Familia zimehama, shangazi wako Dar es Salaam, na ngoma za unyago zimefupishwa zikawa sherehe ya siku moja. Cheo kimebaki bila mtu. Ukiniuliza mwalimu mlezi ni nani, nitakujibu kwamba ndiye aliyepaswa kurithi nafasi ya somo, akipewa muda na akipokonywa fimbo.

Kuna sababu nyingine ya kutaka msaada huu uanzie shuleni. Kwa wazazi wengi wa Tanga, neno “akili” likitajwa na mganga, fikira hukimbilia Lutindi, hospitali iliyoko milimani juu ya Korogwe, au Mirembe huko Dodoma. Wachache wanajua kwamba Lutindi ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla haijawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mzazi anayehofia jina hilo hatamleta binti yake kliniki kwa sababu tu halali usingizi. Lakini atakubali azungumze na mwalimu wake.

Si lazima mwalimu, kama Bihar ilivyoonyesha. Nchini Kenya kuna programu inayoitwa Shamiri, jina lisilohitaji tafsiri kwa msomaji wetu. Vijana waliomaliza sekondari karibuni hufunzwa kwa muda mfupi, kisha huketi na vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja moja, wakizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo anayoyathamini. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Tanga haikosi vijana wa namna hiyo. Mpango wa Tanga Yetu umeonyesha wanavyoweza kukusanyika kwa ajili ya mji wao, na bustani ya sayansi iliyofunguliwa jijini imewafanya wanafunzi wengi waingie mahali pa kujifunza bila kuogopa kuulizwa swali. Mnasihi kijana, mwenye posho ya haki na msimamizi wa kumrudia anapozidiwa, ni gharama ndogo kuliko kukarabati ukuta wa shule.

Wavulana hawaanguki

Nimeandika juu ya wasichana kwa kuwa wao ndio walioniita. Wavulana wa shule ile hawakuanguka hata mmoja. Nilipoomba kuona daftari la mahudhurio, niliona kilichowapata. Majina yalianza kukatika mwezi wa pili wa muhula, moja moja, kisha kwa makundi nyakati za dagaa. Mtoto anayeshindwa darasani mjini Tanga ana umbali mfupi kufika Deep Sea au Sahare. Wa Muheza ana Kigombe, wa Pangani ana Kipumbwi, wa Mkinga ana Moa. Huko hupewa kazi ya kuvuta kamba, fedha mkononi jioni ile ile, na heshima ya kuitwa mtu. Wengine hupewa pia bangi, na baadhi yao baadaye huonja kilicho kibaya zaidi. Mvulana huyu haletwi zahanati na gari la wagonjwa. Anaandikwa mtoro.

Huu nao ni mfadhaiko uliokosa njia, ila umetoka kwa miguu. Na kwa kuwa hauleti taharuki, mjumbe hafiki nyumbani kwao mpaka jina limekwisha kufutwa. Shule moja ninayoifahamu iliamua kwamba mwanafunzi akikosa siku tatu mfululizo, wanafunzi wenzake wawili wa mtaa wake wapite kwao jioni, si kwa kumshtaki, bali kumpelekea kazi ya darasani. Utaratibu huo haukugharimu hata shilingi. Nilipouliza ulibuniwa na nani, niliambiwa ni kiranja wa zamani.

Wapo pia wanaorudi. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea katika shule za kawaida. Mlango umefunguka, lakini mama wa miaka 17 anayeingia darasani akiwa na maziwa yaliyojaa kifuani, huku wenzake wakimwita “mama fulani”, hajarudishwa shule kwa waraka pekee. Inafaa kukumbuka kwamba katika utafiti ule wa Marekani wa 1997, ujauzito ndio uliokuwa tofauti: kujiona kuwa wa shule hakukuonekana kumkinga msichana nao. Hapo zinahitajika elimu ya uzazi, huduma ya afya isiyomkemea, na watu wazima wanaoacha kuwafuata watoto. Upendo wa mwalimu hautoshi.

Baada ya siku ile

Kikao tulichofanya na walimu wiki iliyofuata kilikuwa kirefu na hakikuwa cha upole. Baadhi walitaka wasichana wanane wahamishwe. Mmoja alisema, na nilimheshimu kwa kusema, kwamba hata yeye halali, na hajaona mtu wa kumwuliza. Mwishowe yalikubaliwa mambo machache. Nidhamu na unasihi vitenganishwe. Atakayeanguka apelekwe kivulini na watu wawili, wengine wabaki darasani, mlango ufungwe, pasiwe na umati; kisha apimwe na mhudumu wa afya kama mgonjwa mwingine yeyote. Wazazi wakutane kuhusu uji wa saa nne. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, iandikwe ukutani mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Tulichagua ukuta wa nyuma ya vyoo. Ofisa ustawi wa jamii wa kata alipewa majina mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la nyumba ya shangazi.

Unasihi alipewa mwalimu wa Baiolojia, mwanamke kijana ambaye wanafunzi walisema hajawahi kushika fimbo. Hakuwa na chumba. Alitoa kiti akakiweka chini ya mwembe kila Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, na wiki za kwanza hakupata ila maswali kuhusu taulo za kike na tarehe za mitihani. Wiki ya tano alinipigia simu kuniuliza amfanyeje mvulana aliyekuja, akaketi nusu saa bila kusema neno, akaondoka. Nilimwambia amwachie kiti Alhamisi ijayo.

Uji ulianza, ukasimama kwa mwezi mmoja michango ilipokwama, ukaanza tena. Binti wa Mkinga alihamishiwa dawati la mbele, karibu na msichana wa Pongwe anayejua Kiingereza zaidi yake na hesabu chini yake. Wakati wa mitihani ya nusu muhula alianguka tena, mara moja. Wenzake wawili walimtoa wakampeleka mwembeni, wa tatu akafunga mlango. Baada ya dakika 20 alirudi kuketi mahali pake. Kilikuwa kipindi cha marudio ya Jiografia, na mwalimu hakuwa amekisimamisha.